NOAH YA ZAMANI: IWE DUKA, IWE KITANDA, ILA ISIMEZE MTAJI WAKO



Leo tuongelee gari. Gari ya kutembelea Jumapili tuiache pembeni. Naongelea gari ya kazi: unapakia mzigo Ijumaa jioni, Jumamosi unauza mnadani, usiku unalala humo humo kati ya mizigo, Jumapili unarudi huku unawagawia oda wateja wako wa mtandaoni walioko njiani. Wenzetu Ulaya na Marekani wana magari yametoka kiwandani na kitanda, jiko na choo. Bei zake tuwaachie wenyewe. Kwetu sisi wenye duka la simu na kibanda kimoja, gari ya kazi hiyo ni Noah ya zamani.

Mimi nauza mashuka na vyombo vya plastiki, nipo Morogoro, na Noah ndiyo inanifikisha Dodoma na minada ya njiani. Nimejifunza gari kwa kukaa gereji na kuuliza, sijasomea. Nitakayoandika hapa ni yale ninayoyafanya.

Kubwa nataka ulishike mapema: gari kuukuu haikufilisi siku unayoinunua. Inakufilisi miezi mitatu baadaye, pale inapoanza kula hela ya mzigo kidogo kidogo. Kuna dada mmoja tunafanya naye biashara, alikuwa na mzigo mzuri tu wa madera. Akauza karibu wote, akaongeza na mchezo wa kikoba, akanunua gari. Gari nzuri kweli. Ila imekaa nje kwake miezi miwili, maana hana cha kupakia. Wateja wake wakahamia kwa wengine. Hilo ndilo tunalolikwepa leo.

1. PIGA HESABU YA KILOMITA KABLA HUJAMPIGIA DALALI

Noah yangu inakwenda kilomita 9 kwa lita moja ikiwa na mzigo wa kawaida. Bei ya mafuta inabadilika, EWURA wanatoa bei elekezi kila mwezi, kwa hiyo wewe weka ya kwako. Tukadirie lita ni sh 3,000. Gawanya kwa 9 unapata kama sh 333 kwa kilomita moja. Hapo juu naongeza sh 100 ya matengenezo kwa kila kilomita. Nitaeleza chini imetoka wapi. Jumla sh 433.

Morogoro hadi Dodoma ni kama kilomita 260. Kwenda na kurudi 520. Zidisha kwa 433 unapata kama sh 225,000. Hujala, hujalipa ushuru wa mnada, hujampa kijana anayekusaidia.

Sasa jiulize: safari moja inakuachia faida ya zaidi ya hiyo? Ukipeleka mzigo kwa basi na ukalala gesti, ingekugharimu ngapi? Kama unatoka mara moja kwa mwezi, kodi gari ya mtu au tuma kwa basi, basi. Gari yako mwenyewe inaanza kuwa na maana ukitoka kila wiki au kila baada ya wiki mbili na una vituo vingi vya kushusha njiani.

Kwa sisi wa mtandaoni kuna ujanja wa kujazia safari. Siku nne kabla, weka ratiba kwenye status: "Jumamosi nipo Dodoma, Jumapili mchana Gairo, jioni Dumila." Pokea oda na malipo ya awali. Mimi siwashi gari mpaka oda zilizolipiwa zifikie angalau hela ya mafuta. Mnadani nakwenda kutafuta faida, mafuta tayari wateja wameshaweka.

2. KWA NINI NOAH YA ZAMANI

Naongelea ile iliyotengenezwa kuanzia 1996 mpaka 2001, kwenye kadi utaona SR40. Injini yake ni 3S, cc 2,000, ya petroli. Sababu zangu ni tatu.

Kwanza, kila fundi anaijua. Ukiharibikiwa Kibaigwa usiku hutasubiri mtaalamu kutoka Dar. Spea zake zipo mpaka maduka ya wilayani, na ukitaka iliyotumika Ilala na Kariakoo zimejaa.

Pili, inasukuma kwa matairi ya nyuma. Ukiwa umepakia, uzito unakaa pale pale panaposukuma, kwa hiyo kwenye kilima cha vumbi haihangaiki sana.

Tatu, viti vya nyuma vinalala. Kitanda umeshakipata kabla hujamwita fundi seremala.

Tahadhari mbili. Kuna Noah za zamani za dizeli, injini ya 3C. Zinasifika kwa ulaji mdogo wa mafuta, lakini zikichemsha zinapasua silinda hedi haraka. Kwa mwenye bajeti ya kubana, ziache. Na usichanganye na Noah mpya iliyofuata, yenye injini ya D-4. Ile inasukuma kwa matairi ya mbele na mfumo wake wa mafuta ni wa kisasa zaidi, haivumilii petroli chafu wala fundi wa kubahatisha.

3. USINUNUE GARI KWA HELA YOTE

Hapa ndipo wengi tunapigwa. Una milioni 9, unatafuta gari ya milioni 9. Hapana. Ukiwa na 9, tafuta gari ya 6 na nusu. Mimi niligawanya hivi:

- Gari yenyewe: 6,500,000
- Makaratasi na bima: 400,000
- Matengenezo ya mwezi wa kwanza: 1,100,000
- Kitanda, mapazia, taa, kamba: 300,000
- Akiba isiyoguswa: 700,000

Na hela ya mzigo haimo kabisa kwenye orodha hii. Hela ya mzigo ina laini yake ya simu na gari haijui namba ya siri. Dalali atakwambia "ongeza kidogo tu boss, chuma kipo safi". Mjibu kwa heshima kwamba bajeti imefungwa. Noah zipo nyingi, ukikosa hii kesho utaona nyingine.

4. VITU VISIVYOREKEBISHIKA KWA BEI NDOGO, ANZA NAVYO

Taa imepasuka, kiti kimechanika, redio haiimbi, rangi imepauka: hivyo vyote ni vya kukushushia bei. Vinavyotakiwa kukufanya uondoke ni vitano.

Makaratasi. Taka kadi halisi, siyo kopi wala picha kwenye simu. Kama kadi iko kwa mtu wa mikopo, gari hiyo bado siyo ya anayeiuza. Linganisha namba ya chesesi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, herufi kwa herufi. Angalia madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa trafiki, unafanya kwa simu tu. Andikishianeni mkataba kwa wakili, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike mara moja, usiendeshe miaka miwili gari ikiwa na jina la mtu mwingine. Akifariki au akigombana na mkewe, wewe ndiye utahangaika. Kwenye uhamisho kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei, kwa gari ya 6,500,000 ni sh 65,000, pamoja na ada nyingine. Zungumzeni mapema nani analipa.

Kutu. Lala chini uangalie. Beba boksi la kutandika na tochi. Angalia chesesi, kingo chini ya milango, na ndani ya matao ya matairi. Gonga kwa kidole. Pakilia kama bati la mabati mazito, sawa. Pakilia kama karatasi, au ukiona rangi nyeusi mpya imepakwa chini tu, kuna kinachofichwa. Injini unaweza kubadilisha, lakini chesesi iliyoliwa hakuna fundi wa kukurudishia uzima wake.

Maji. Hili ndilo kubwa kwa Noah, nalitolea nafasi yake hapo chini.

Giaboksi. Nyingi ni otomatiki. Vuta kijiti cha oili ya giaboksi, tone lidondoshe kwenye tishu nyeupe. Nyekundu ni salama, nyeusi yenye harufu ya kuungua ni hatari. Gari ikiwa imewaka na umekanyaga breki, toa P weka R, kisha D. Ikisita kwa sekunde kadhaa au ikipiga kishindo, weka ufunguo mezani.

Namba za kilomita. Usiziamini peke yake. Dashibodi inasema kilomita 90,000 lakini mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma, usukani umelainika kama sabuni: hiyo gari imetembea.

5. MAJI, MAJI, MAJI

Injini ya Noah hii iko chini ya viti vya mbele. Rejeta iko kule mbele. Kwa hiyo maji yana safari ndefu ya mabomba na hosi, na joto la injini halipati upepo wa moja kwa moja. Ndiyo maana Noah nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa zimewahi kuchemsha.

Nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi. Mwambie muuzaji kabisa asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta ya moto, rudi siku nyingine. Ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Ukiona mafuta yanaelea juu ya maji, au maji yana rangi ya kutu nzito, hapana. Inua kiti, fungua mfuniko wa oili, angalia chini yake. Ukiona uji wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, gasketi imekwisha.

Washa huku mfuniko wa rejeta bado upo wazi. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, gasi ya injini inapita kwenye maji. Funga, kisha iendeshe si chini ya nusu saa, AC ikiwa imewashwa, na tafuta kilima. Mshale wa joto ukishapanda katikati unatakiwa utulie hapo.

Kuna mchezo mmoja ujue. Gari inayochemsha, fundi wa haraka anang'oa themostati ili maji yazunguke muda wote. Gari haichemshi kwa siku kadhaa, inauzwa. Utaijua hivi: ukiwa barabara kuu spidi ya 80, mshale unashuka chini kabisa badala ya kukaa katikati. Muulize muuzaji themostati iko wapi. Usikie majibu.

Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka. Yale maji yanaruka usoni.

6. WIKI YA KWANZA BAADA YA KUNUNUA

Kabla haijabeba hata beseni moja, gari inakwenda gereji. Hata muuzaji akikuapia kwamba amefanya sevisi jana. Oda yangu ilikuwa hii:

Oili na filta. Galoni ya lita 4 inatosha. Andika kilomita kwenye karatasi, bandika ndani ya mlango.

Mkanda wa taimingi. Injini ya 3S inatumia mkanda wa mpira, na unabadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa gari ambayo hujui historia yake, hesabu kwamba zamu imefika. Mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo badilisha pampu siku hiyo hiyo. Ufundi unalipa mara moja. Ukiiacha pampu kuukuu, ikivuja utafungua upya kila kitu.

Hosi, mfuniko wa rejeta na themostati mpya. Ni vitu vya bei ndogo vinavyolinda injini nzima. Rejeta jaza maji yake ya rangi, siyo ya bomba.

Breki. Padi, vitambaa vya nyuma, na oili yake. Gari ya mzigo haisimami kama gari tupu.

Tairi. Usiangalie kashata tu, soma tarehe. Ubavuni kuna namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zamani inaweza kuwa na kashata nzuri lakini mpira umekufa, na kwenye lami ya moto ikiwa na mzigo inapasuka.

Umeme. Mwombe fundi apime betri kwa mita. Gari ikiwa imezimwa betri nzima inasoma karibu volti 12.6. Ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo altaneta haichaji vizuri.

Kaa pale pale fundi anapofanya kazi, na spea ya zamani ondoka nayo mkononi. Siyo kwamba mafundi ni wezi. Ni kwamba macho yako yanaongeza umakini wake, na wewe unajifunza.

7. KUPAKIA NA KULALA

Noah imetengenezwa kubeba watu 8. Piga kilo 65 kwa mtu, ni kilo 520 pamoja na wewe dereva. Balo moja la kilo 45 ukipakia matano umeshafika 225. Usikubali sifa ya "inabeba tu hii". Inabeba, halafu shokapu na bushi za nyuma zinakutumia bili.

Kitanda: meza ya ubao yenye miguu ya sentimita 40, juu godoro jembamba, chini makreti ya plastiki yenye mzigo. Fundi wa mtaani anakutengenezea. Mzigo ufungwe kamba, maana ukipiga breki ya ghafla kreti la vyombo linakuja kichwani. Acha nafasi ya kuona kioo cha nyuma. Viti usivitupe, vihifadhi. Na ukitaka kubadilisha rangi, injini au umbo la bodi, ujue mabadiliko hayo yanatakiwa yaingie kwenye kadi.

Umeme wa usiku usikutishe. Taa ya LED ya wati 5 kwa saa tano na simu mbili za kuchaji zinatumia wati-saa kama 55. Betri ya 60Ah inabeba wati-saa kama 720. Inayoua betri ni spika kubwa ya muziki na friji.

Sasa usalama, na hapa sitanii. Usilale injini ikiwa inawaka ili upate AC. Usiingize jiko la mkaa ndani, hata liwe limebaki majivu mekundu tu. Ile hewa ya mkaa na ya ekzosi haina harufu ya kukuamsha, inaua mtu usingizini. Pika nje, zima, ndipo uingie. Shusha vioo kidogo pande mbili, weka neti. Paki sehemu yenye watu na mlinzi: kituo cha mafuta, au uwani kwa gesti kwa makubaliano ya hela kidogo. Mauzo ya siku yaingie kwenye simu kabla giza halijaingia.

Ukianza kubebea watu wengine mizigo au abiria kwa malipo, hiyo ni biashara nyingine. Inahitaji leseni ya LATRA, na bima lazima ilingane na kazi hiyo. Bima isiyolingana na kazi siku ya ajali ni karatasi tu.

8. KIBUBU CHA GARI

Ile sh 100 kwa kilomita niliyoitaja imetoka hapa. Sevisi ya oili kila kilomita 5,000, mimi inanigharimu kama 120,000, ni sh 24 kwa kilomita. Tairi nne za 150,000 zinanipeleka kama kilomita 40,000, ni sh 15. Mkanda na pampu, laki mbili kwa kilomita 100,000, ni sh 2. Hapo ni 41. Zilizobaki 59 ni za breki, bushi, shokapu, betri na yale usiyoyajua.

Kwa hiyo nikirudi safari ya kilomita 520, kabla sijahesabu faida, sh 52,000 zinaingia kibubu cha gari. Safari mbili kwa mwezi ni 104,000. Gari ikiharibika, kibubu kinalipa. Kibubu kikiwa hakitoshi, gari inasimama inasubiri, na oda zinakwenda kwa basi wiki hiyo. Hela ya mzigo haichukuliwi. Ni kazi ngumu siku ya kwanza gari inapolala gereji huku wateja wanapiga simu, lakini ukikopa mzigo kutengeneza gari, safari inayofuata utakwenda na gari nzima isiyo na kitu ndani.

Na kila Jumatatu asubuhi, injini ikiwa ya baridi, dakika kumi tu: maji, oili, upepo wa tairi pamoja na ya akiba, taa zote, na angalia chini ilipopaki kama kuna tone jipya. Kabla ya safari yenye mlima mkali kama Kitonga au Sekenke, rudia tena, na beba lita 10 za maji, mkanda wa nje wa akiba, fyuzi na jeki inayofanya kazi.

Anza na daftari leo, hata kama hela ya gari bado. Andika safari zako za mwezi uliopita, kilomita zake, na ulilipa ngapi kwa mabasi, bodaboda na gesti. Zidisha kilomita kwa sh 433, au kwa namba yako mwenyewe. Daftari likikwambia bado, lisikilize, endelea kutuma kwa basi na kukuza mzigo. Likikwambia tayari, nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi.

Mwenye swali aliache hapo chini, nitajibu nikifunga duka jioni.